Nyumba Ilitangulia Shamba

Mazungumzo ya leo yanahusu makazi ya watu wa kale, na hoja nitakayoitetea ni moja: binadamu alijenga nyumba ya kudumu kabla hajalima shamba. Wengi wetu tulifundishwa kinyume chake. Darasani, historia ya zama za mawe hupangwa kama ngazi. Kwanza watu wanawinda na kuchuma matunda, wanazunguka porini wakifuata wanyama. Kisha wanagundua kwamba mbegu ikifukiwa huota, wanaanza kulima, na kwa kuwa shamba halibebeki, wanatulia. Kutulia kunazaa kijiji, kijiji kinazaa mji, mji unazaa dola. Ngazi hiyo mara nyingi husimamishwa juu ya jina la Gordon Childe, mwanaakiolojia mzaliwa wa Australia aliyefundisha Uingereza, ambaye katika miaka ya 1930 alieleza kuanza kwa kilimo kuwa ni mapinduzi yaliyobadilisha kila kitu. La ajabu ni kwamba Childe mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alitahadharisha kwamba kuanza kulima kusichanganywe na kuanza kukaa mahali pamoja. Mapinduzi yakaingia madarasani, tahadhari ikaachwa mlangoni.

Ushahidi wa kwanza uko Mashariki ya Kati. Mwaka 1928 Dorothy Garrod, mwanaakiolojia wa Kiingereza ambaye mwaka 1939 angekuwa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alichimba pango la Shuqba katika bonde la Natuf, huko Palestina. Alikuta zana ndogondogo za jiwe la gumegume za aina ambayo haikuwa imeelezwa kabla ya hapo. Baadhi zilikuwa na mng'ao kwenye makali, ule unaotokea jiwe linapokata mabua ya nyasi na nafaka kwa muda mrefu. Yalikuwa meno ya mundu, na katika machimbo mengine ilipatikana hata mipini ya mfupa ambamo meno hayo yalipachikwa. Garrod alipoona mundu, akaona na shamba. Aliamini watu hao, ambao tangu wakati huo wanaitwa Wanatufi, walikuwa wakulima wa mwanzo kabisa. Ni dhana inayoeleweka, maana nani huvuna asichopanda? Lakini kadiri uchimbaji ulivyoendelea, shamba halikuonekana. Wanatufi waliishi kati ya takriban miaka 15,000 na miaka 11,500 iliyopita, na nafaka walizokata kwa mundu zilikuwa za mwituni, zilizojiotea zenyewe milimani.

Kilichoonekana badala ya shamba ni nyumba. Kuanzia mwaka 1955 Mfaransa Jean Perrot alichimba mahali paitwapo Ain Mallaha, penye chemchemi, kando ya lililokuwa ziwa la Hula kaskazini mwa Israeli ya leo. Alifukua nyumba za duara zilizochimbiwa kidogo ardhini, kuta zake zikiwa zimejengwa kwa mawe, ndani zikiwa na meko na alama za nguzo zilizoshikilia paa. Nyumba hizo zilikarabatiwa na kujengwa upya juu ya misingi ileile. Palikuwa na vinu vya mawe vizito kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angevibeba mgongoni kutoka kambi hadi kambi. Na palikuwa na makaburi. Katika kaburi moja, lenye umri wa takriban miaka 12,000, mzee amelazwa mkono wake ukiwa juu ya mtoto wa mbwa. Watu hao walizika wafu wao chini ya nyumba au jirani nazo, tena na tena, kizazi baada ya kizazi. Mtu anayepita njia haziki hivyo.

Hapa ndipo msikilizaji makini atauliza: ukuta wa mawe unathibitisha nini? Hata wafugaji wanaohama hurudi kwenye boma lilelile kila mwaka, na nyumba ya mawe inaweza kuwa ya msimu tu. Swali hili ni zito, na liliwasumbua wataalamu kwa miongo mingi. Wengine walijaribu kulijibu kwa meno ya swala. Jino la swala huongeza tabaka kwa misimu, kama mti unavyoongeza pete, hivyo ukilikata na kulitazama kwa hadubini unaweza kujua mnyama aliuawa msimu gani. Katika vijiji kadhaa vya Wanatufi zilipatikana dalili kwamba swala waliuawa katika misimu tofauti ya mwaka, siyo mmoja tu. Lakini hata hapo mbishi ana pa kukimbilia, kwa sababu swala wa misimu miwili hawathibitishi kwamba watu hawakuondoka katikati.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka kwa kiumbe ambaye hakuna aliyemtarajia: panya. Mwaka 2017 Lior Weissbrod, Fiona Marshall na wenzao walichapisha utafiti wa meno madogo mno ya panya kutoka tabaka mbalimbali za machimbo ya eneo hilo, Ain Mallaha ikiwemo. Katika nchi zile kuna aina mbili za panya wanaofanana sana. Mmoja ni yule mdogo wa nyumbani, anayeishi kwa makombo na nafaka za watu. Mwingine ni wa porini, asiyependa sana kuwa karibu na binadamu. Porini, yule wa pili ndiye mwenye nguvu. Ndani ya makazi ya watu wasiohama, wa kwanza humshinda, kwa sababu chakula kipo mwaka mzima na adui ni wachache. Kwa hiyo ukihesabu meno ya kila aina katika kila tabaka, unapata kipimo cha kukaa ambacho hakitegemei wanaakiolojia wanapenda kuamini nini. Matokeo yalionyesha kwamba panya wa nyumbani alishaanza kujazana katika makazi ya Wanatufi takriban miaka 15,000 iliyopita, yaani kama miaka 3,000 kabla ya kilimo. Baadaye, watu walipoanza kuhama tena, panya wa porini alirudi. Kilimo kilipoingia, panya wa nyumbani akatawala kabisa.

Utafiti huo una kipande kilichofanyika kusini mwa Kenya, nacho kinastahili kutajwa. Ili kujua kama dhana yao inafanya kazi, watafiti walikwenda kwenye maboma ya Wamaasai na kutega panya wa siku hizi. Huko nako kuna aina mbili za panya wa jamii moja, wale wenye manyoya magumu kama miiba. Katika maboma ya watu wanaohama kwa misimu, aina zote mbili ziliendelea kuishi pamoja. Hakuna iliyomfukuza mwenzake moja kwa moja, kwa kuwa boma halikaliwi kwa muda wa kutosha kumpa mmoja ushindi. Ndipo wakapata mizani ya kupimia tabaka za kale. Kwa maneno mengine, swali lililozaliwa kwenye mapango ya Palestina lilijibiwa kwa sehemu na mitego iliyowekwa kwenye maboma ya Umaasaini. Habari kama hiyo ingestahili kuwa kwenye kila kitabu cha historia cha Afrika Mashariki, lakini sijaiona katika hata kimoja.

Sasa, watu hao walikula nini hata wakaweza kukaa? Kwa ushahidi wa hilo tunarudi mwaka 1966, wakati mtaalamu wa mimea Mmarekani Jack Harlan alipokwenda kusini-mashariki mwa Uturuki, mahali ambapo ngano mwitu bado inaota yenyewe kwenye mitelemko ya milima. Alivuna kwa mikono, kisha kwa mundu wenye jino la gumegume aliouunda mwenyewe, na akapata kiasi cha kilo moja ya nafaka safi kwa saa. Alipiga hesabu kwamba familia moja, ikifanya kazi kwa takriban wiki tatu tu za mavuno, bila kujichosha sana, ingeweza kukusanya nafaka nyingi kuliko inavyoweza kula kwa mwaka mzima. Tena nafaka hiyo, kwa vipimo vyake, ilikuwa na protini nyingi kuliko ngano ya dukani. Tazama maana yake. Mtu mwenye nafaka ya mwaka mzima hawezi kuibeba. Ni lazima aiweke mahali, mahali hapo ni lazima palindwe, na anayelinda ghala hana budi kulala karibu nalo. Kilichomfunga binadamu mahali pamoja ni chakula kinachohifadhika, kiwe kimepandwa au hakikupandwa.

Na walijua kukitumia. Katika jangwa la mawe meusi kaskazini-mashariki mwa Jordan, mahali paitwapo Shubayqa, wachimbaji walikuta kwenye meko ya zamani vipande 24 vilivyoungua vya kitu kinachofanana na mkate wa bapa, vyenye umri wa miaka 14,400 hivi. Vilipochunguzwa na matokeo kutangazwa mwaka 2018, vilionyesha unga wa nafaka mwitu uliochanganywa na unga wa viazi vya mimea ya majini. Huo ni mkate ulioandaliwa maelfu ya miaka kabla ya mashamba. Mwaka huohuo kundi jingine lilieleza kwamba vinu vya mawe katika pango la Raqefet, kwenye Mlima Karmeli, vilikuwa na mabaki ya nafaka iliyochachushwa, yaani pombe, ya miaka 13,000 iliyopita. Habari ya pombe bado inabishaniwa, na wapo wataalamu wasioikubali. Lakini kama ni kweli, basi wale waliokuwa wakisema kwamba ngano ilianza kulimwa kwa ajili ya mkate watalazimika kukaa meza moja na wale wanaosema ilikuwa kwa ajili ya ulevi, na mjadala huo hautaisha leo.

Pingamizi linalofuata ni hili: huenda Wanatufi walikuwa wakulima kimyakimya. Huenda walimwaga mbegu hapa na pale, nasi hatuoni kwa sababu mbegu haziachi alama. Lakini zinaacha. Punje za ngano mwitu zikiiva hupukutika zenyewe chini. Ndivyo mmea unavyojizalisha. Ngano ya shambani ni tofauti, maana punje zake hung'ang'ania kwenye suke mpaka zipurwe. Tofauti hiyo ilitokana na watu kuvuna na kupanda tena kwa miaka mingi, wakibeba bila kujua zile punje zisizopukutika. Pale punje inapoachana na suke hubaki kovu, na kovu la punje iliyopukutika ni laini, wakati lile la punje iliyopurwa limechanika. Katika nafaka za Wanatufi makovu ni ya mwituni. Dalili za watu kupanda nafaka ambazo bado zilikuwa na umbo la mwituni zinaanza kuonekana takriban miaka 11,500 iliyopita, na zile zenye kovu lililochanika zinaanza kuwa za kawaida karibu miaka 10,500 iliyopita. Ni kweli kwamba huko Abu Hureyra, kijiji cha kale kando ya mto Frati nchini Syria kilichochimbwa mwaka 1972 na 1973 kabla ya bwawa kukifunika kwa maji, mtaalamu Gordon Hillman alidai kuona punje chache za nafaka iliyolimwa mapema sana. Wenzake wengi wameitilia shaka tarehe na tafsiri hiyo. Lakini hata tukimpa Hillman haki yake yote, hoja yangu haitikisiki, kwa sababu watu wa Abu Hureyra walikuwa wameshajenga na kukaa pale kabla ya punje hizo. Waliwinda makundi ya swala waliopita kila majira ya kuchipua, na walikula mbegu za mimea ya mwituni ya aina nyingi ajabu. Makazi yalikuwepo, ubishi ni juu ya punje.

Vivyo hivyo kuhusu Ohalo, kambi ya wavuvi iliyofichuka mwaka 1989 maji ya Bahari ya Galilaya yalipopungua. Ina umri wa takriban miaka 23,000. Palikutwa mabaki ya vibanda sita vya matawi, jiwe la kusagia, mifupa ya samaki na mbegu za mimea zaidi ya aina 100. Wapo wanaosema baadhi ya magugu yaliyokutwa pale ni yale yanayopenda ardhi iliyolimwa, hivyo huenda watu walijaribu kupanda kidogo. Inawezekana. Lakini jaribio hilo, kama lilikuwepo, halikuzaa kilimo kwa zaidi ya miaka 10,000 iliyofuata. Kuliita mwanzo wa kilimo ni kutumia jicho la anayejua mwisho wa hadithi.

Mbishi mwingine atakubali yote hayo, kisha aseme Mashariki ya Kati ni mahali pa pekee, penye ngano mwitu ambayo kwingine haipo. Basi tutoke huko. Katika pango la Taforalt, mashariki mwa Morocco, watu walizika wafu wao na kula kwa wingi matunda ya mwaloni na mbegu za misonobari kati ya takriban miaka 15,000 na 13,700 iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya meno ya watu wazima, asilimia 51, yalikuwa yametoboka. Ni kiwango kinachowapata kwa kawaida wakulima wanaokula wanga kila siku, siyo wawindaji. Walikuwa na ghala la vyakula vya wanga, lakini hawakuwa na shamba. Huko Japani, watu wa utamaduni wa Jomon walifinyanga vyungu tangu takriban miaka 16,000 iliyopita na kujenga vijiji vikubwa. Kijiji cha Sannai-Maruyama, kaskazini mwa nchi, kilikaliwa kwa karibu miaka 1,700, wakati mpunga wa majaruba haukufika Japani mpaka takriban miaka 3,000 iliyopita. Na kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, watu waliotegemea samaki aina ya samoni walikuwa na nyumba kubwa za mbao, machifu, hata watumwa, bila kulima nafaka yoyote.

Na kwetu je? Hapa nitakaa kidogo. Mto Kagera, unaotiririka kuelekea Ziwa Viktoria kwenye mpaka wa Uganda na Tanzania, una kisiwa kiitwacho Kansyore. Kisiwa hicho kimewapa jina lake wavuvi na wawindaji waliofinyanga vyungu vyenye nakshi za kupendeza kuzunguka ziwa tangu takriban miaka 8,000 iliyopita, maelfu ya miaka kabla ya ng'ombe na mbuzi kufika hapo. Katika ufuo wa Kenya, hasa kandokando ya Ghuba ya Winam, waliacha chungu za makombe ya konokono na kome, zikiwa zimejaa mifupa ya samaki na vigae. Mahali pengine, kama Gogo Falls kwenye Mto Kuja, walikaa kwenye maporomoko. Watafiti waliochunguza mifupa ya samaki wanasema kuna mpangilio: wakati wa kiangazi watu walikuwa ziwani wakila makombe na samaki wa maji ya kina kifupi, kama kambare na kamongo; mvua zikinyesha, walihamia kwenye mito kuwadaka samaki kama ningu wanaopanda juu kwenda kutaga. Sitatia chumvi kwa kusema walikaa mahali pamoja mwaka mzima. Hawakukaa hivyo. Lakini walikuwa na mahali pawili au patatu panapojulikana, walipofinyanga vyungu, walipotupa makombe kwa karne nyingi juu ya lundo lilelile, na huenda walipokuwa na utaratibu wa nani avue wapi. Huko siko kutangatanga.

Pingamizi lililobaki ndilo linalosikika zaidi Tanzania, na linakuja kwa swali la kawaida: mbona Wahadzabe wanahama? Kando ya Ziwa Eyasi, wawindaji hao hula nyama, asali, mizizi, matunda na ubuyu, na huhamisha kambi mara kwa mara bila kuweka akiba kubwa. Kama wao ni kielelezo cha maisha ya kale, basi ngazi ya darasani ni sahihi. James Woodburn, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza kufanya kazi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alitoa jibu bora kuliko wote. Alieleza mwaka 1982 kwamba wawindaji si wa aina moja. Wapo wanaokula leo walichopata leo, nao ndio Wahadzabe; na wapo wanaowekeza kazi kwanza na kula baadaye, kwa mitego mikubwa, mitumbwi, ghala na haki za kurithi mahali pa kuvulia. Wa aina ya kwanza huwa na usawa mkubwa sana, na kuhama ni sehemu ya uhuru wao, kwani anayeudhiwa huondoka. Huo ni mpango wa maisha ulio kamili, usiosubiri kukua ili ufike kwenye kilimo. Zaidi ya hapo, kuna kosa la kimahesabu katika kuwatumia wawindaji wa leo kukisia wale wa zamani. Karibu kila mahali duniani, ardhi zenye mito mikubwa, pwani zenye samaki na mabonde yenye nafaka zilishachukuliwa na wakulima na wafugaji. Wawindaji waliobaki ni wale waliobakiwa na jangwa, misitu na nchi kame. Ukitaka kujua jinsi mwindaji alivyoishi alipokuwa na haki ya kuchagua, usitazame alikosukumwa. Tazama alikokuwa kabla ya kusukumwa: kando ya Kagera, kando ya Hula, kando ya Frati.

Basi kama walikuwa wameshatulia na kushiba, kwa nini walilima? Hapa ngazi inavunjika kabisa, maana hawakupanda moja kwa moja kutoka kidato hadi kidato. Takriban miaka 12,900 iliyopita hali ya hewa ilibadilika, baridi na ukame vikarudi kwa zaidi ya miaka 1,000, na Wanatufi wengi wakaacha nyumba zao na kuanza kuhama tena. Panya wametuonyesha hilo. Watu waliokwishakaa wakarudi barabarani, na hakuna dalili kwamba waliona wameporomoka. Joto liliporudi, takriban miaka 11,700 iliyopita, makazi yakajengwa upya, na safari hii watu wakaanza kupanda. Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito zaidi ni yale ya watoto. Mama anayehama hawezi kubeba watoto wawili wadogo kwa pamoja, hivyo uzazi hupishana kwa miaka mingi. Miongoni mwa Wasan wa Kalahari waliochunguzwa na Richard Lee, pengo lilikuwa karibu miaka minne. Mama aliyetulia, mwenye uji wa kumwachisha mtoto ziwa, huzaa kwa haraka zaidi. Kijiji kinakua, swala wa karibu wanakwisha, watu wanaanza kula sungura na kobe kwa wingi kuliko zamani, jambo ambalo mifupa ya vijiji vya Wanatufi inalithibitisha. Ukifika hapo una njia mbili: kuhama, au kuongeza chakula mahali ulipo. Waliochagua ya pili ndio waliotuachia shamba. Kwa hesabu hii kilimo ni mtoto wa nyumba, na hata si mtoto aliyepangwa.

Wapo watakaosema kwamba dini nayo ilichangia, na wana mfano. Huko Göbekli Tepe, kusini-mashariki mwa Uturuki, Mjerumani Klaus Schmidt alichimba kuanzia mwaka 1995 na kufukua nguzo za mawe zenye umbo la herufi T, baadhi zikiwa na urefu wa zaidi ya mita 5, zilizosimamishwa na watu wasio na nafaka ya shambani zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Schmidt aliamini palikuwa hekalu tupu, mahali pa kukutania wahamaji. Baada ya kifo chake mwaka 2014, wachimbaji wenzake wameonyesha nyumba za kuishi na mabirika ya kukusanya maji ya mvua palepale. Hekalu lilikuwa na wakazi. Hata mfano unaotumika kupinga makazi umeishia kuyaunga mkono.

Nisiwapambe watu hao, maana kukaa kulikuwa na gharama yake. Mahali penye neema hugombewa. Magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Nataruk, palikutwa mabaki ya watu 27 walioishi kando ya maji takriban miaka 10,000 iliyopita; utafiti wa mwaka 2016 ulieleza kwamba angalau 10 kati yao waliuawa kikatili, baadhi wakiwa na vichwa vilivyopasuliwa. Wapo wanaopinga kwamba wote walikufa kwa siku moja. Hata hivyo mifupa hiyo inatosha kututoa kwenye ndoto kwamba kabla ya jembe palikuwa na amani tu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watu wa aina mbili. Walimu wa historia mnaonisikiliza: mkifika kwenye zama za mawe, wafundisheni wanafunzi kwamba watu walikaa kwanza, kisha wengine wakalima, wengine wakahama tena, na wengine wakaendelea kuvua na kuwinda kwa maelfu ya miaka bila kujuta, na mnapotafuta mfano, anzeni na Kansyore kabla ya kwenda Palestina. Na ninyi mnaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria, mnaochimba mchanga, misingi ya nyumba na mashimo ya vyoo: mkikuta tabaka la makombe lenye vigae na mifupa ya samaki, simamisheni jembe kwanza. Nchini Kenya wapelekeeni habari Makumbusho ya Taifa, nchini Tanzania Idara ya Mambo ya Kale, nchini Uganda Makumbusho ya Uganda. Lundo likishasombwa kwenda kujaza barabara, hakuna utafiti utakaoweza kulirudisha.